Jasho Si Mafuta, Bibi Harusi

Leo hatuzungumzii singo wala piko. Tunazungumzia pumzi.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, na anayeijua biashara ya nguo za harusi anajua Shaabani kwetu ni nini. Kila mtu anataka aozwe kabla ya mfungo. Hapa Tandika chumba chetu kina vyerehani vitano na kioo kimoja kirefu, na wiki ile foleni ya wanaokuja kujaribu nguo ilifika hadi barazani kwa muuza vitumbua. Akaingia bibi harusi wetu mmoja, binti wa Mbagala. Mwezi mmoja nyuma tulimpima kiuno tukapata inchi 34. Akatuomba tumshonee 30. "Nitafika tu dada zangu, nimeshaanza kadio." Tukamkubalia. Mteja ni mteja.

Siku hiyo alipovua dera tukaona amejiviringisha nailoni tumboni, juu ya nailoni kafunga mkanda mpana wa mpira. Alikuwa ametoka kuruka kamba, siku ya tatu hajala kitu cha maana, maji ya moto na ndimu tu. Zipu ikapanda mpaka juu. Tukapiga vigelegele. Havijaisha, bibi harusi akaishika meza ya kukatia, macho yakageuka, akaenda chini na shela lake.

Shangazi mtu alisema kijicho. Jirani akasema ana mtu kichwani, ufukizwe ubani. Tulimlegeza ule mkanda, tukamlaza miguu juu, na alipozinduka tukampeleka zahanati. Huko wakasema maji yamemwishia mwilini na hana chakula tumboni. Hakuna zaidi. Siku ya nikaha, alhamdulillah, alikuwa mzima, amekunywa, amekula, anang'aa. Na zipu haikufunga. Usiku wa manane tulikuwa tunafungua mshono wa nyuma na kutia kipande cha lesi. Kiuno kilikuwa inchi 33 na nusu.

Sasa tuseme ukweli wetu. Ule mkanda tulimwuzia sisi. Ulikuwa unaning'inia pale mlangoni pamoja na sidiria na soksi, Sh 20,000, na faida yake ilikuwa inatulipia umeme. Tulikuwa tunawaambia mabibi harusi, "vaa huu ukifanya kadio, utachuruzika." Na kweli walichuruzika.

Tangu siku ile hatuuzi mikanda. Lakini tuliona haitoshi kuiondoa mlangoni tukanyamaza, kwa sababu maneno tuliyokuwa tunayasema yanasemwa bado kila saluni, kila kibaraza, kutoka Kinondoni mpaka Mbagala, na huko kwenu visiwani pia, tunasikia.

Kwanza, kadio yenyewe ni nini. Wengi wakisikia neno hilo wanaona mashine za jimu na binti wa kwenye simu mwenye suruali ya kubana. Kadio ni zoezi lolote linaloufanya moyo uende mbio kuliko kawaida na pumzi zikolee, ukakaa hivyo kwa muda. Kutembea kwa kasi ni kadio. Kuruka kamba, kupanda ngazi, kuogelea, kuendesha baiskeli, vyote ni kadio. Hata ngoma ni kadio, na hapo tutarudi. Moyo ni msuli. Ukiuzoesha kazi, unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hata ukiwa umelala unapiga mara chache zaidi. Mishipa inalainika, presha inashuka kidogo, na mwili unajua kuitumia sukari badala ya kuiacha izurure kwenye damu. Usingizi unakuwa mtamu. Na ile hasira ya asubuhi isiyo na sababu inapungua. Hili waulizeni wanaume zetu.

Basi, jasho. Jasho ni maji na chumvi. Mwili unalitoa ili upoe, na hiyo ndiyo kazi yake. Mafuta ya mwilini hayatoki kwenye vinyweleo. Mwili huyachoma, na sehemu kubwa yanatoka kwa njia ya pumzi, mengine kama maji. Kwa hiyo ukijifunga nailoni, unachofanya ni kuuzuia mwili usipoe. Unatoka maji mengi, mizani inasema umepungua kilo moja, unashangilia, unakunywa maji na kilo yako inarudi imekaa pale pale. Hapa Dar, joto la Januari na unyevu huu wa pwani, nailoni ni njia ya kuitafuta hospitali.

Ndugu wa jasho ni tumbo. "Nipeni zoezi la tumbo tu, hipsi ziacheni." Shoga yangu, sisi mafundi tunaweza kupunguza kiunoni tukaacha hipsi, ni kazi ya mkasi na dakika kumi. Mwili hauna mkasi. Ukifanya mazoezi na ukala kwa kiasi, mafuta yanapungua mwili mzima, na kila mtu na maumbile yake ya wapi yanaanzia. Kuna anayeanza usoni, kuna anayeanza kifuani akalia. Zoezi la tumbo linaimarisha msuli wa tumbo, na lina faida yake kwa mgongo, lakini haliyayeyushi mafuta yaliyoufunika.

Halafu kuna hesabu ambayo hakuna anayependa kuisikia. Nusu saa ya kutembea kwa kasi, chapati moja ya kusukuma yenye mafuta mazuri inaweza kuirudisha yote na chenji juu. Kwa hiyo anayefanya kadio ili tu apungue, akishamaliza akajipongeza kwa chapati mbili na maharage ya nazi, atakuja kutuambia kadio ni uongo. Kadio si uongo. Kinachohitaji kusahihishwa ni kile alichoitarajia impe. Uzito ni suala la sufuria zaidi kuliko la viatu.

Kundi la pili la maneno linatoka kwa wakubwa zetu, na hapa tunaomba radhi mapema kwa makungwi na masomo wote, kwa sababu tumelelewa nao na tunawaheshimu. Binti wa miaka kumi na tisa, posa imeshapokelewa, anataka kutembea na sisi asubuhi. Mama yake mdogo akasema hapana, mwali hakimbii, atajiharibu. Kujiharibu maana yake mnaijua. Jamani. Heshima ya binti haikai kwenye kamba ya kuruka. Utando ule kwa maumbile yake unatofautiana kati ya mtu na mtu, wengine unavutika, wengine ni mdogo tangu kuzaliwa. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa na lile shirika la wanawake walitaka upimaji wa bikira ukomeshwe, wakaeleza kwamba hakuna uchunguzi unaoweza kuthibitisha jambo hilo. Binti wa watu amenyimwa kutembea kwa ajili ya kitu ambacho hata madaktari wanasema hakisomeki.

Kuna pia "uzazi utashuka", "maziwa yatalala", "utakuwa kama dume". Maziwa yanataka sidiria inayoshika, si ile ya lesi ya harusini. Udume hauji kwa kutembea. Na uzazi, sikilizeni: hata mjamzito, kama daktari au mkunga hajamkataza kwa sababu maalumu, mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 yanamtaka afikishe angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Bibi zetu waliokwenda kisimani na ndoo kichwani na mimba ya miezi saba hawakuhitaji kuambiwa hilo na Geneva.

Hapo ndipo mtu anapotujibu: "Nami nafua, nadeki, nabeba maji, natosha." Wakati mwingine anatosha kweli! Mama anayepanda na ndoo kutoka bombani mara sita, anahema, jasho linamtoka, huyo kafanya kadio na hatuna la kumwambia zaidi ya pole. Lakini kudeki vyumba viwili huku unaangalia tamthilia, ukasimama kila kipindi kinapokolea, hakuupandishi moyo. Tena mnajua nani anajidanganya zaidi? Sisi mafundi. Zamani tulikuwa na cherehani ya miguu, Singer nyeusi, ukikanyaga siku nzima ndama zinauma, tukasema tumefanya mazoezi. Si kweli sana, ule ni mchezo wa kifundo cha mguu. Siku hizi zina mota, hata hicho kifundo kimepumzika. Tunakaa saa kumi kwa siku Shaabani nzima, chai ya maziwa pembeni, tunahukumu viuno vya wenzetu kwa futi.

Tulijifunza kwa bei kubwa. Mwenzetu aliyekuwa anakalia cherehani ya dirishani, fundi wa shanga ambaye hatujapata mwingine kama yeye, alikuwa na miaka 46. Asubuhi moja akasema uzi unamkimbia. Akasema tena, ulimi mzito. Mdomo ukaenda upande. Nyumbani wakasema amepigwa na kitu, akasomewa siku mbili. Hatulaumu kisomo, Qur'ani ni shifaa, lakini gari ya hospitali na kisomo vinaweza kwenda pamoja, msomaji akapanda mbele. Kilikuwa kiharusi. Presha yake haikuwa imepimwa tangu mtoto wake wa mwisho alipozaliwa, na mtoto huyo yuko kidato cha kwanza.

Hatusemi kwamba kutembea peke yake kungemwepusha. Kadari ni ya Mungu, na presha ina sababu nyingi: chumvi, uzito, ukoo, kutopimwa. Ila utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kama mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na ule wa 2015-16 ukakuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito. Tukahesabu chumbani mwetu. Tulikuwa watu saba. Tukaenda kupima wote, siku moja, tukafunga ofisi. Wawili walikuwa na presha na hawakujua. Mmoja wao ndiye aliyekuwa anatania wanene.

Ndipo tukaanza kutembea. Na ndipo tukagundua kwamba kwa mwanamke wa Kiislamu wa uswahilini, shida kubwa haiko kwenye miguu. Iko njiani.

Temeke ina vikundi vingi vya jogingi. Jumapili alfajiri unawasikia kabla hujawaona, filimbi, nyimbo, fulana za rangi moja, wanajaza barabara hadi daladala zinasubiri. Tunawapenda, wameokoa vijana wengi na kukaa bure. Lakini ni wanawake kwa wanaume, wanaimba mambo mengine hatuwezi kuyaandika hapa, na dada mwenye baibui hapo katikati ana mawili, ajione mgeni au aache baibui. Ukienda peke yako saa kumi na moja, giza, bodaboda wanakupigia miluzi, "mama unakimbia deni?" Ukienda jioni, mtaa mzima unauliza kulikoni. Desemba 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo zuri. Huko Zanzibar mna yenu ya kila Januari 1, mnatembea wengi. Siku moja kwa mwezi au kwa mwaka inasaidia kukumbusha. Ila moyo unataka siku nyingi ndani ya wiki, na sisi tunataka mahali. Tunasema wazi: viwanja vya manispaa vingeweza kutengewa saa za wanawake, angalau asubuhi mbili kwa wiki, taa ikiwepo na mlinzi akiwepo. Misikiti yetu mingi ina ua, na madrasa nyingi zina ua unaokaa mtupu kuanzia asubuhi mpaka watoto watoke shule. Kuomba ufunguo si dhambi. Sisi tuliomba mahali tukakataliwa, tukaambiwa wanawake wakae majumbani wafanye dhikri. Dhikri tunafanya. Huwa tunaifanya tukitembea.

Na anayesema dini haitaki, tumkumbushe jambo ambalo ustadhi yeyote atamsomea katika Abu Daud. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye alipoongezeka mwili wakashindana tena, na mara hiyo akashinda Mtume, akamwambia kwa utani kwamba hii ni fidia ya ile. Katika masimulizi mengine, aliwaambia watu watangulie kwanza. Mambo mawili tunayaona hapo. Mume alikimbia na mkewe kwa mapenzi, hakumnunulia mkanda. Na sitara ikawekwa kwanza, kisha mbio zikawepo. Sitara haikuwa sababu ya kufuta mbio.

Wanaotarajia Umra na Hija wao ndio wangetusikiliza zaidi. Sa'i kati ya Safa na Marwa, zile safari saba, inazidi kilomita tatu, na bado hujahesabu tawafu, Mina, msongamano na jua. Mtu anaweka akiba miaka kumi na tano, anaweka kila kitu isipokuwa pumzi.

Kuhusu nguo tutasema kidogo tu, ingawa ndiyo kazi yetu, msije mkasema tunajitangaza. Pamba tupu inanyonya jasho na kuwa nzito. Kitambaa chepesi cha jezi kinakauka haraka. Tunashona kanzu fupi ya kupita magoti, mpasuo pembeni, suruali pana ndani, na mtandio wa kuvuta usio na pini. Mpira wa miguu duniani uliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, mpira wa kikapu 2017. Kama wao wameona inawezekana, Tandika haishindwi.

Kiasi je? Hayo mapendekezo ya 2020 yanasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na siku mbili za kuimarisha misuli. Si lazima kwa mkupuo. Dakika kumi kabla ya kuwasha cherehani na kumi baada ya Asri zote zinahesabika. Mwendo wa wastani tunaupima hivi: ukiweza kuzungumza na mwenzio ni sawa, ukiweza kuimba kaswida nzima bila kukata pumzi, ongeza mwendo. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, pumzi zikikata isivyo kawaida, simama, na usiite kijicho, nenda kapimwe. Mwenye presha, sukari au pumu aulize kwanza, wengi wataruhusiwa. Ramadhani tunatembea muda mfupi kabla ya futari au baada ya tarawehe, hatufanyi mbio za adhuhuri.

Na ngoma. Hatuwezi kuondoka bila kuisema. Dada huyu huyu anayesema magoti hayaruhusu kutembea nusu saa, tumemwona kwenye kibao kata cha shoga yake, wanawake watupu, milango imefungwa, akicheza tangu Isha hadi saa sita, dera limelowa, anapunga leso anataka kingine. Goti liko wapi? Hiyo ilikuwa kadio, kali kabisa. Fungeni milango, wekeni muziki wenu wa heshima, dakika ishirini, mara tatu kwa wiki. Tuna mteja wa Kinondoni, nyumba ya ghorofa, mama mkwe mkali, hatoki. Anapanda na kushuka ngazi akisubiri wali uive. Miezi mitano sasa.

Bibi harusi akija kwetu siku hizi tunampima na tunashona ile inchi iliyopo. Tunaacha akiba ya inchi moja kila mshono, ndani, ya kupunguza au kuachia. Akisema "nishoneeni ya chini, nitafika", tunamwuliza harusi lini. Akisema mwezi, tunamwambia mwezi hautoshi kubadili kiuno bila kujiumiza, lakini unatosha kabisa kubadili pumzi, atapanda ngazi za ukumbini bila kuhema na atalala usingizi wiki ile ya vurugu. Wengine wanaenda kwa fundi mwingine. Wawili mwaka huu wameondoka na kitambaa chao, na mmoja alikuwa na oda ya wasimamizi sita. Iliuma, hatutawadanganya.

Yule fundi wetu wa shanga anaongea vizuri sasa. Mkono wa kulia bado hautungi uzi kwenye sindano. Tunamtungia, yeye anatupangia rangi. Siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya swala ya Alfajiri kukishapambazuka, tunatoka sokoni kuelekea Mwembeyanga. Anakwenda nasi na fimbo yake mpaka kwenye duka la kona, hapo anakaa kwenye benchi na kutusubiri turudi. Mwezi wa kwanza alikuwa anaishia kwenye nguzo ya umeme.